Kivuko Kinachohesabiwa Kuwa Barabara: Tathmini ya Huduma ya BC Ferries ya Miaka ya 1990

Hivi majuzi nilikuwa Bukakata, hapa Uganda, nikingoja kivuko cha kwenda Luuku, visiwani Ssese, na mzee mmoja aliyekuwa na magunia mawili ya mihogo akaniuliza tiketi zinakatwa wapi. Nilipomjibu, "Hapa hakuna nauli, mzee wangu, serikali ndiyo inayolipa," alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kwa nini ilipe?" Nilimweleza kwamba tunavuka bure hapa kwa sababu ileile inayotufanya tuvuke daraja la Katonga bila kulipa: maji yamekata njia, na njia ni ya wote. Swali lake lilinirudisha kwenye BC Ferries, huduma ya vivuko niliyoitumia kuanzia 1997 hadi 1999, nilipokuwa mwanafunzi mjini Victoria, makao makuu ya jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Sijapata kuona mahali pengine ambapo uhusiano wa serikali na kivuko unaonekana wazi namna ile.

Ili kuielewa huduma hiyo, lazima kwanza mtu aelewe jambo moja la jiografia. Victoria iko kisiwani. Bunge la jimbo na wizara zake ziko ng'ambo ya bahari, ilhali wananchi wengi wanaishi bara, hasa katika jiji la Vancouver na vitongoji vyake, kana kwamba sisi tungeiweka serikali yetu Kalangala, huko visiwani Ssese, na kuiacha Kampala mahali ilipo. Hadi 1958 uvukaji huo ulitegemea kampuni mbili, Canadian Pacific na Black Ball, na migomo ya mwaka huo ilipozisimamisha zote mbili, kisiwa kilijikuta kimekatwa na bara. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo alikuwa W.A.C. Bennett, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi kutoka Kelowna na mtetezi mkubwa wa biashara binafsi. Hata hivyo ndiye aliyeamua kwamba serikali yenyewe itaendesha vivuko. Tarehe 15 Juni 1960, meli mbili zilianza safari kati ya Tsawwassen, upande wa bara, na Swartz Bay kisiwani. Mwaka uliofuata serikali ikanunua vyombo vya Black Ball, na kufikia 1977 vivuko vilikuwa vimekabidhiwa shirika la umma.

Sasa niieleze safari yenyewe, kwa kuwa ndiyo ninayoitathmini. Barabara kuu namba 17 hufika ufukweni Swartz Bay, na namba hiyohiyo huendelea upande wa pili kutoka Tsawwassen, kana kwamba bahari iliyo katikati ni kipande cha lami. Magari hupangwa katika mistari yenye namba, na kila dereva huambiwa mstari wake anapolipa nauli. Mimi sikuwa na gari; nilipanda basi katikati ya jiji la Vancouver, basi likaingia ndani ya meli pamoja nasi, tukashuka na kupanda juu kwenye viti, kisha tukarudi ndani ya basi lilelile na kuteremka katikati ya Victoria. Kwa abiria mwenye mizigo, mpango huo una thamani kuliko anasa yoyote. Nikiwa na sanduku zito la vitabu, sikulazimika kulibeba hata hatua kumi.

Meli kubwa zaidi za njia hiyo, Spirit of British Columbia na Spirit of Vancouver Island, ziliingia kazini 1993 na 1994. Kila moja ina urefu wa mita 167 na ilijengwa kubeba magari yapatayo 470. Safari huchukua saa moja na dakika thelathini na tano. Ndani kuna mkahawa, na supu nzito ya chaza na viazi niliyoinywa humo siku za baridi bado naikumbuka. Katikati ya safari meli hupita katika mlango mwembamba uitwao Active Pass, kati ya visiwa vya Galiano na Mayne, ambako hupiga honi kabla ya kona, na miti ya ufukweni huonekana karibu mno na vioo.

Nauli ililipwa, na hapa lazima niwe mwaminifu: njia za baharini hazikuwa za bure. Bara, hata hivyo, wizara ya barabara iliendesha vivuko vya maziwa na mito bila malipo, na kimojawapo, kile cha ziwa Kootenay kati ya Balfour na Kootenay Bay, huchukua zaidi ya nusu saa kuvuka na hakimtozi mtu senti. Mkaazi wa kisiwani anaweza kuuliza kwa haki kwa nini maji yake yana bei na ya mwenzake hayana. Hilo ni dosari ya mpango mzima, na sijasikia maelezo yake yakaniridhisha.

Dosari kubwa zaidi ilikuja mwaka niliomaliza masomo. Serikali ya jimbo, chini ya waziri mkuu Glen Clark, ilikuwa imeagiza vivuko vitatu vya mwendo kasi vya alumini, maarufu kama PacifiCat, kwa ajili ya njia kati ya Horseshoe Bay, upande wa bara, na Nanaimo kisiwani. Shabaha haikuwa uvukaji peke yake. Vilikusudiwa pia kuzaa kiwanda cha kuunda meli ambazo jimbo lingeziuza nje. Bajeti ya dola milioni 210 ilipanda hadi zaidi ya milioni 450. Mawimbi yake yaliharibu fukwe na magati ya watu, hata vikalazimika kupunguza mwendo, yaani kuiacha sifa iliyovifanya vinunuliwe. Clark alijiuzulu Agosti 1999 kwa sababu nyingine, chama chake kikabaki na viti 2 kati ya 79 katika uchaguzi wa 2001, na vivuko vyote vitatu vikapigwa mnada 2003 kwa takriban dola milioni 19. Kwa maoni yangu kosa lilianzia pale kivuko kilipoacha kuhesabiwa kuwa barabara na kufanywa bidhaa ya maonyesho. Meli za 1960 zilijibu swali la mtu aliyekwama gatini. Hizi zilijibu swali la mtu aliye ofisini.

Pamoja na hayo, naipa huduma ya miaka ile alama nane kwa kumi, na mbili nilizozipunguza ni za nauli na za PacifiCat. Msomaji wa Uganda atakayejaliwa kufika huko, avuke mchana kutoka Tsawwassen, asibaki mkahawani meli inapokaribia Active Pass, bali atoke nje asimame upande wa kushoto. Mnara wa taa wa kisiwa cha Mayne utapita mbele yake.