Windows ndani ya seva ya Linux kwenye lab ya shule: KVM nimeikubali, ila RAM ujipange

Kamwene wadau. Nasimamia lab ya kompyuta sekondari moja huku Mafinga, tuna thini klayenti 20, yaani vikompyuta vyepesi vinavyotegemea seva, hazina diski kabisa, zinawaka kupitia mtandao na kuvuta Linux kutoka seva moja kwa LTSP, mfumo wa Linux wa kazi hiyo. Kuandika, mahesabu ya LibreOffice, kuperuzi, vyote fresh. Shida ikaja kwenye programu ya uhasibu ya somo la biashara, inataka Windows tu, nikahangaika na Wine (inayojaribu kuendesha programu za Windows kwenye Linux) wiki nzima ikagoma.

Mwanzo niliweka VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya seva, kila mwanafunzi na Windows yake kwenye folda yake, na hapo hesabu nilizikosea mimi. Windows moja inakula kama GB 25, zidisha mara 20 ni GB 500 na mtoto hajaandika hata herufi! Halafu siku wamewasha 10 kwa mpigo RAM ikaisha, seva ikahamia kwenye swapu (diski ikitumika kama RAM, polepole sana), lab nzima ikaganda, hadi wale waliokuwa Linux tu wakabaki wanaangalia vioo.

Likizo nikahamia KVM, nayo ni ya kuendesha mashine pepe, ambayo imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux yenyewe tangu 2007 na hulipii kitu. Jamani hii kitu ni tamu. Unatengeneza Windows moja safi kwenye diski ya qcow2 (faili linalofanya kazi kama diski), unaifunga isiguswe, halafu kila mashine pepe unaipa kidiski chake chembamba kinachobeba mabadiliko tu, jioni skripti inavifuta vyote, asubuhi mashine ziko kama mpya. Flashi za wanafunzi mnazijua, zimeshapita kila steshenari ya mjini, sasa kirusi akiingia haoni kesho. Kazi zao zinakaa kwenye folda ya seva kwa Samba (ya kushea mafaili kwenye mtandao) kwa hiyo hazipotei. Mwanafunzi anabonyeza ikoni moja, Windows inafunguka kioo kizima kwa RDP (njia ya kutumia Windows iliyo kwenye seva ukiwa mbali), basi. Ila draiva za virtio, zinazoifanya Windows iongee vizuri na KVM, usizisahau, bila hizo diski na mtandao vinatambaa.

Video ndo hamna kitu, zinakatakata, hizo waangalie upande wa Linux. Na umeme wetu huu, seva bila UPS usithubutu, ikizima ghafla umezima darasa zima.

Leseni nayo muiangalie, Linux kuwa bure hakufanyi Windows iwe bure, hata kwenye mashine pepe inahitaji leseni. Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM GB 4 kwa kila mashine pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Hiyo TPM KVM inaiigiza kwa programu ya swtpm, ila RAM haiigizwi, lazima ununue.

Nyota 4 kati ya 5. Mwalimu mwenye seva ya GB 16, anza na mashine 2 au 3, wanafunzi wapokezane.