Saa ya kumwamsha mwanafunzi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kijana wangu alipoanza kidato cha kwanza tulimpa simu ya zamani ya mama yake ili ajiamshe mwenyewe. Tukamwambia ategeshe alamu saa kumi na nusu alfajiri. Akaandika 10:30. Jua la Mtwara likamkuta kitandani, na saa nne na nusu asubuhi, yeye akiwa shuleni anajieleza kwa nini kachelewa, simu ikaanza kulia nyumbani chini ya mto. Kosa la saa yetu na saa ya kwenye kioo linarekebishika kwa dakika moja. Kilichonikera ni kingine: ile simu ilionyesha kwamba alikuwa kwenye video mpaka usiku wa manane, tena kwa lile bando la usiku linalouzwa rahisi ili watu wakeshe.

Tangu hapo nimezunguka maduka mengi, na wazazi wenzangu huku na Lindi huniuliza wanunue nini. Jibu langu haliwafurahishi wenye hela za korosho mkononi: kifaa kizuri ni kile kinachoitoa simu chumbani, na hicho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Kwanza uelewe unachopambana nacho. Mtoto akibalehe, homoni ya usingizi iitwayo melatonini huanza kutoka usiku zaidi kuliko zamani, kwa hiyo usingizi wenyewe unachelewa kuja. Si jeuri. Mwanga wa simu usoni unauchelewesha zaidi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 usingizi wa jumla ya saa 8 hadi 10 kwa siku kwa mwenye miaka 13 hadi 18, na 9 hadi 12 kwa mwenye 6 hadi 12. Piga hesabu: anayeamka saa kumi na nusu alfajiri inabidi awe amelala saa mbili na nusu usiku ndipo apate hizo nane, wakati huo sebuleni taarifa ya habari bado inaendelea. Nyumba nyingi haziwezi. Lakini saa ya kuamka mnaweza kuishikilia, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, tofauti isizidi saa moja hivi. Anayelala mpaka saa nne Jumapili hapati usingizi usiku wake, na Jumatatu anaamka kama aliyeshuka ndege kutoka China.

Namba moja kwangu, basi, ni saa ya mezani ya kidijitali inayotumia betri. Zipo za Sh 10,000 hadi 20,000, ukijua kupatana. Chukua inayotumia betri za rimoti, usichukue ya kuchomeka ukutani. Zile za ukutani zenye namba nyekundu au za bluu zinapendeza dukani, ila umeme ukikatika usiku nyingi hurudi 12:00 na kuanza kupepesa, na alfajiri hakuna anayeamshwa. Namba za bluu zinazowaka usiku kucha ndizo mbaya zaidi. Tafuta yenye kioo cha kijivu kinachowaka pale tu unapobonyeza. Iweke kwenye mfumo wa saa 24, ili 04:30 isomeke 04:30 na mkanganyiko wa asubuhi na jioni uishe. Fungua mlango wa betri uangalie vile vyuma: hewa ya chumvi ya pwani yetu inavila haraka, na saa iliyokaa rafuni muda mrefu inaweza kuwa na kutu tayari.

Mahali pa kuiweka ni muhimu kama saa yenyewe. Iwe nje ya chandarua, mbali kiasi kwamba lazima ainuke, achomoe neti chini ya godoro, na atembee hatua tatu. Akishasimama na adhana ikaingia, kazi imekwisha.

Nafasi ya pili naipa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Betri inakaa siku kadhaa, tochi ipo, alamu unachagua siku za kujirudia, na vitochi vingi vya zamani vya Nokia hulia hata vikiwa vimezimwa. Kama kimo ndani ya nyumba usinunue kitu kingine. Ila hakikisha ni kitochi kweli, maana siku hizi vipo vyenye intaneti na video.

Ya tatu ni bure: mipangilio ya simu ambayo tayari mnayo. Simu nyingi za Android zina sehemu ya Digital Wellbeing ambayo saa uliyopanga ikifika hugeuza kioo kuwa rangi ya kijivu na kunyamazisha ujumbe. Mtoto anaweza kuizima mwenyewe, na ataizima. Family Link ya Google ni kali zaidi: mzazi anapanga kwenye simu yake, ya mtoto inajifunga usiku lakini bado anaweza kupokea simu ya bibi. Baadhi ya simu za bei ya chini hazina hiyo sehemu ya kwanza, kwa hiyo kama unanunua mpya, ingia kwenye mipangilio ukiwa dukani. Mimi naitumia pamoja na saa ya mezani. Peke yake siiamini.

Bangili na saa janja ndizo zinazoulizwa sana msimu wa malipo. Zinapima kutikisika kwa mkono na mapigo ya moyo, kisha zinakisia. Mtoto aliyelala chali akiwaza mtihani wa hesabu huhesabiwa yuko usingizini, na ule mchoro wa usingizi mzito na mwepesi usiuchukulie kama kipimo cha hospitali. Faida yake ya kweli ni mtetemo mkononi, unaomwamsha mmoja pasipo kuwaamsha wadogo zake watatu chumba kimoja. Kwa hilo tu naiweka ya nne. Ukinunua, tafuta programu iliyoandikwa kwenye boksi ukiwa bado dukani. Isipopatikana au isipoungana na simu, rudisha boksi. Na ukiona mtoto kila asubuhi anakimbilia alama za usingizi inazompa kwa wasiwasi, mvue.

Taa janja, programu za sauti za mvua za kulipia kwa dola, miwani ya kuzuia mwanga wa bluu: acha. Kuhusu miwani, uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, haukupata ushahidi wa kueleweka kwamba inasaidia usingizi.

Likizo za jando na unyago hakuna kifaa kitakachoshindana na ngoma, wala usijaribu. Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa wahisha alamu dakika 15 kila siku. Na mtoto anayekoroma sana au kukabwa pumzi usingizini apelekwe hospitali, huyo shida yake si saa.

Kabla hujalipa, muuzaji aweke betri, utegeshe alamu dakika mbili mbele, usubiri. Atanuna. Saa ya kwanza niliyojaribu ililia mara moja ikakata. Ya pili ndiyo inayolia kwangu mpaka leo, na anayewahi kuizima siku hizi ni mdogo wake yule kijana wangu, wa darasa la nne.