Jezi ya Bluu ya Real Oviedo, Namba 8: Tathmini Baada ya Misimu Miwili

Jezi hii niliiagiza mwaka 2023, muda mfupi baada ya kiungo Santi Cazorla kurudi Real Oviedo, klabu ya soka ya Hispania, akiwa na umri wa miaka 38, na nimeivaa vya kutosha kuweza kuieleza bila upendeleo. Kitambaa chake ni chepesi, hukauka upesi, na bluu yake haijachuja licha ya jua na kufuliwa kila wiki. Kasoro ni mbili, zote za muuzaji: duka la mtandaoni nililolitumia lilinichelewesha kwa zaidi ya mwezi, na herufi mbili za jina walilolichapa wenyewe zimeanza kubanduka.

Hata hivyo, jezi hii hainunuliwi kwa ajili ya kitambaa. Cazorla alilelewa katika timu za vijana za Oviedo, akaondoka mwaka 2003 klabu ilipozama katika madeni na kushushwa hadi daraja la nne. Mwaka 2012, akiwa tayari ametwaa ubingwa wa Ulaya mara mbili na Hispania, alikuwa miongoni mwa wachezaji waliotoa fedha zao kununua hisa ili klabu isifilisike. Aliporudi alikubali kima cha chini cha mshahara, akaomba asilimia 10 ya mapato ya jezi zenye jina lake iende kwa vijana wa klabu. Ndiyo maana sishauri nakala za bei rahisi zinazotundikwa Kariakoo, ingawa kwa mbali huwezi kuzitofautisha na halisi, kwa kuwa vijana hao hawapati kitu.

Kilichonifanya nilipe gharama ya usafirishaji iliyokaribia bei ya jezi yenyewe ni mguu wake wa kulia. Oktoba 2016, akiichezea Arsenal dhidi ya Ludogorets, alitoka uwanjani akichechemea. Vidonda vya upasuaji vilikataa kufunga, bakteria wakaingia na kula takriban sentimita 8 za kano ya kisigino, hata madaktari wa Uingereza wakamwambia ashukuru akiweza tena kutembea bustanini na mwanawe. Daktari Mikel Sánchez wa Vitoria, Hispania, ndiye aliyeijenga upya kano hiyo, na kwa kuwa ngozi ya kuziba kidonda ilikatwa mkononi, palipochorwa tatuu ya jina la binti yake, sehemu ya jina hilo sasa iko kifundoni.

Wengi huita kurejea kwake muujiza. Mimi ningetaja kwanza miezi ya mazoezi ya viungo kule Salamanca, ambayo hakuna kamera iliyoipenda. Alicheza tena akiwa na Villarreal baada ya siku 636. Januari 2019 akaifunga Real Madrid mabao mawili, na Juni mwaka huohuo akavaa tena jezi ya taifa.

Tarehe 21 Juni 2025 nilikuwa nimevaa namba 8 hii alipofunga penalti dhidi ya Mirandés, akiwa na miaka 40, na Oviedo ikarudi ligi kuu baada ya miaka 24. Tangu usiku ule naifua peke yake, kwa maji baridi na sabuni kidogo, na sipitishi pasi mgongoni. Mwenye mwili mpana aagize saizi moja zaidi.