Kahawa ya papo hapo: kagua foili kabla ya kuangalia jina

Malalamiko ya wasomaji wa Kampala, Jinja na Entebbe ni yale yale: chupa ya bei ghali imefunguliwa, na baada ya wiki mbili kahawa imeshikamana kama sukari guru. Ladha sitaijadili sana, kila mtu ana ulimi wake. Kinachokula pesa zenu ni unyevu.

Kahawa inayokaushwa kwa kugandishwa huanza kama maji mazito ya kahawa. Hugandishwa hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, huvunjwa chembe za milimita mbili tatu, kisha huingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa. Kanieneo, yaani msukumo wa hewa humo, ikiwa chini ya milibari 6, barafu ikipashwa moto kidogo hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Palipokuwa na barafu hubaki vitundu. Hivyo vitundu ndivyo vinavyoyeyusha kahawa upesi kikombeni, na ndivyo vinavyonyonya unyevu wa jikoni kwako. Kahawa hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 2 hadi 4. Ikifika 7 au 8, imeshakuwa bonge.

Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kifuniko, uone foili iliyoziba mdomo wa chupa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo foili iliyofungwa kwenye kiwanda cha nyanda za chini mara nyingi hufika hapa imefura kidogo. Wengi huirudisha rafuni wakidhani imeharibika, kumbe kufura ni dalili kwamba haijatoboka. Kataa iliyokunjamana pembeni au yenye alama ya kidole. Kisha inamisha chupa: chembe zitiririke. Zikisogea kwa pamoja, iache hapo hapo.

Namba moja kwangu ni Nescafé Gold, chupa ya kioo, na sifichi upendeleo. Nunua ya gramu 50 au 100. Kikombe kinataka gramu 2, kwa hiyo gramu 100 ni vikombe 50. Mnywaji mmoja akichukua ya gramu 200, nusu ya chini itapata unyevu kabla hajaifikia. Pakiti ya kujazia ni nafuu, lakini ikishafunguliwa haifungiki vizuri. Imimine yote kwenye chupa kavu siku hiyo hiyo.

Ya pili ni Davidoff, nayo imekaushwa kwa kugandishwa. Bei yake inaniudhi.

Ya tatu ni Africafe ya Bukoba, Tanzania. Hii hukaushwa kwa hewa moto, si kwa barafu, lakini mkebe wake ni mgumu na hautoki mbali. Bukoba iko ufukweni mwa ziwa letu hili hili, Victoria, karibu kimo kile kile na Kampala, kwa hiyo usitegemee foili yake ifure.

Nescafé Classic na vipakiti vyenye maziwa na sukari: vya safarini tu.

Jihadhari na chembe za kuigiza. Unga wa hewa moto huloweshwa kidogo kwa mvuke ushikane, ukauzwa kama chembe. Hizo ni za mviringo, zenye sura ya sponji. Za barafu zina kona kali na rangi nyepesi zaidi. Lebo isiposema freeze dried, yaani iliyokaushwa kwa kugandishwa, usilipe bei yake.

Na bei yenyewe! Kilo moja ya kahawa ya papo hapo huhesabiwa kuwa kilo 2.6 za kahawa mbichi, yaani chupa ya gramu 100 ina gramu 260. Robusta yetu inatoka kwa magunia ya kilo 60 kupitia Mombasa. Muulize mkulima wa Masaka alilipwa ngapi kwa gramu 260, halafu soma bei iliyobandikwa kwenye chupa. Tena kuna wauzaji wanaoibandika juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Bandua kibandiko hicho mbele yao, kabla hujatoa pesa.