Seva ya Java: kabla hujaichagua, jaribu kufuta

Majuzi nilifuta programu kwenye seva ya Java (ile inayoendesha programu za wavuti zilizoandikwa kwa Java) iliyo juu ya Windows, nikapandisha toleo jipya, na kurasa zikatokea nusu za zamani nusu za sasa. Kuchungulia folda, faili mbili za JAR, yaani vifurushi vya msimbo wa Java, zimebaki palepale. Seva ilikuwa bado imezishika. Kwenye kompyuta yangu ya Linux sikuwahi kuliona hilo, maana Linux inakubali ufute faili hata ikiwa imefunguliwa. Windows inakataa katakata. Java wanasema huandikwa mara moja na kukimbia popote. Kufutwa popote hawakuahidi.

Kwa hiyo ninapozipanga seva hapa natazama kwanza kufuta, kasi siipimi. Mara nyingi kinachochelewesha ni hifadhidata, na seva inasingiziwa tu.

Namba moja ni WildFly, na upendeleo wangu siufichi. Ukidondosha faili ya WAR (programu nzima ya wavuti ikiwa kifurushi kimoja) kwenye folda ya deployments, inajinakilia ya kwake na kuiweka kando, halafu inakuachia alama: kijifaili chenye jina lilelile na mkia wa .deployed ikiwa mambo yamekubali, .failed ikiwa yamegoma. Ukitaka programu ishuke, futa hicho kijifaili cha .deployed. Basi. Nimezoea kuvitazama hivyo kabla hata ya kufungua logi. Ila inapenda kumbukumbu ya kutosha, na kuanzia toleo la 27 haitaki tena msimbo wa javax, jina la zamani la vifurushi vya Java ya seva, inataka jina jipya, jakarta.

Tomcat inafuata. Ni nyepesi, na ukikwama utapata wa kukusaidia. Kwa tatizo langu la kufuta ina dawa, mpangilio uitwao antiResourceLocking, lakini huja umezimwa. Ukiuwasha, Tomcat hunakili programu yote kwenye folda ya muda kila inapoanza, kwa hiyo utasubiri. Msimbo wako ukiwa bado wa javax, baki na Tomcat 9. Tomcat 10 walihamia jakarta.

Jetty 12 inabeba javax na jakarta pamoja, jambo linalonivutia kwa programu za kurithi. GlassFish ni ya kujifunzia.

Za kulipia? Muuzaji mmoja aliniletea ankara ya leseni kwa hesabu ya viini vya prosesa. Mashine pepe yangu ina viini viwili. Yeye akahesabu vyote 32 vya mashine kubwa iliyoibeba, eti huenda siku moja nikavitumia! Nilipobisha, akanitumia mkataba wenye mstari uliopigwa rangi ya njano. Nikaona nimuulize basi, kwa bei hiyo, programu ikifutwa kwenye Windows faili zinaondoka zote?

Akajibu nizime seva kwanza, halafu nifute folda kwa mkono.