“Ndiyo mtindo wake huo, kaka”: nilivyoharibiwa Yuasa wangu

Nimetoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawaruhusu mtu kutoa sifuri. Kampuni siitaji, sina hela ya wakili, lakini wenye ving'amuzi vyao na ile programu yao ya kutazamia filamu kwenye simu watajijua. Bei za vifurushi na idadi ya chaneli ziko kwenye matangazo yao, nendeni mkasome. Mimi nina jambo moja tu. Kijana wao wa huduma kwa wateja aliniambia kwamba ubovu wa filamu waliyoniuzia ni mtindo wa Masaaki Yuasa, Mjapani anayeongoza filamu za katuni.

Hebu niwaeleze, halafu mniambie kama nina hasira za bure.

Miezi kadhaa iliyopita niliona wameongeza filamu yake, Lu Over the Wall, kwenye orodha yao. Nilikaribia kupiga kigelegele, mwanaume mzima. Huku kwetu ukitafuta katuni ya Kijapani kwa njia halali unapewa zilezile za kupigana na kupiga mayowe, sehemu mia tatu, na bado bingwa hajapatikana. Yuasa si mtu wa kumkuta hivihivi. Filamu hii ilitoka 2017 na mwaka huohuo ikabeba tuzo kuu ya filamu ndefu kule Annecy, Ufaransa, kwenye tamasha linaloheshimiwa kuliko yote na watu wa animesheni. Nililipia palepale kwa simu, hata bando la usiku sikulisubiri.

Na mwanzo ulikuwa mtamu, nisiwe mwongo. Kai ni kijana aliyehamishwa kutoka Tokyo na kupelekwa kuishi Hinashi, mji wa wavuvi uliofunikwa na kivuli cha mwamba mkubwa. Kazi yake ni kununa na kutunga muziki kwenye kompyuta. Muziki huo ndio unaomtoa Lu baharini, nguva mtoto, na kila muziki ukipigwa mkia wake unageuka miguu na anaanza kucheza. Wazee wa mji hawataki hata kusikia habari za nguva. Babu yake Kai ana hakika nguva walimchukua mama yake yeye babu. Mimi nilikulia Tanga, na sihitaji mtu wa kunifafanulia kwa nini mzee wa pwani ananyamaza ghafla mtoto akitaja nguva mezani. Maji yenyewe Yuasa ameyachora ya kijani, yanakatwa vipande vya mraba, yanapanda hewani na kuogelewa humohumo. Nilisahau chai mpaka ikapoa.

Kisha ikafika ngoma.

Anayeijua filamu anajua ninayoisema. Bendi ya kina Kai inapiga mbele ya watu, Lu anachomoza na kuimba, na miguu ya umati inaanza kucheza bila ridhaa ya wenyewe. Uso wa mtu umeduwaa, kiwiliwili kimekataa, lakini miguu imeshakwenda. Inavutika, inapinda, haina mfupa ndani, kwa namna ya zile katuni za Marekani za miaka ya 1930. Filamu nzima inapanda ngazi ili ifike hapo. Na hapo ndipo programu yao ikaanza kushtuka. Mguu unapanda, unaganda, unajikuta umeshatua upande wa pili. Muziki unakwenda, picha inaruka, inasimama, inaruka tena, kama gari la mwanafunzi wa udereva ambaye klachi bado inamshinda.

Nikadhani ni mtandao. Nikarudisha nyuma, ikashtuka palepale. Nikafungua mechi ya mpira kwenye programu ileile, mpira ukatiririka vizuri kabisa. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya waya na runinga kubwa, tukaifungua kwake: palepale, mguu uleule. Yaani kuanzia Lu anapofungua mdomo hadi ngoma inapokwisha, faili lao ni bovu. Limeharibika wakati wa kuliandaa, wakaliweka bila kulitazama, wakachukua hela.

Nikapiga simu. Nilisikilizishwa wimbo wao mpaka nikaukariri, kisha akapokea kijana mwenye sauti ya upole. “Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja.” Nikamweleza taratibu, nikampa hadi dakika yenyewe ya filamu. Akaniambia nisubiri aitazame. Akarudi.

“Kaka, nimeiona. Hamna tatizo hapo. Katuni za Japani wanachora picha chache kwa sekunde, ndiyo maana zinarukaruka. Na huyu muongozaji ndiyo mtindo wake huo, nimesoma sasa hivi. Anapenda vitu vilivyopindapinda.”

Nikamwambia hapana, kupinda ni kitu kimoja na kukwama ni kitu kingine. Akacheka. Si kicheko kikubwa, kile kidogo cha puani. “Kaka, kwani hii si ya watoto? Wao hata hawatagundua.” Akaniuliza kama nina swali lingine la ziada.

Sasa swali la ziada ninalo, na nitalijibu mwenyewe hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule kijana alisema nusu ya kweli. Ni kweli filamu inapita picha 24 kwa sekunde, na ni kweli studio nyingi za Japani, kwa kubana muda na fedha, huchora picha mpya kila baada ya picha mbili au tatu. Wamefanya hivyo miongo na miongo na wamefanya nayo maajabu. Lakini kati ya filamu zote duniani, kulitumia hilo kuitetea Lu! Yuasa na Eunyoung Choi walianzisha studio ya Science SARU mwaka 2013, na kilichoitambulisha mapema ni kuchora kwa programu ya Flash. Mchoraji anaweka maumbo makuu, kompyuta inasaidia kujaza mwendo wa katikati, na mistari inateleza kuliko ulivyozoea kwenye kazi za Kijapani. Ndivyo studio changa ilivyoweza kutoa filamu ndefu mbili mwaka mmoja, The Night Is Short, Walk On Girl mwezi wa Aprili na Lu mwezi wa Mei. Wapo wanaolalamika kwamba Lu inateleza kupita kiasi, kwamba mstari umekuwa mwepesi mno. Hilo ni lalamiko la mtu aliyetazama. Kusema inakwama kwa sababu ya mtindo ni kusema bahari ya Tanga ni kavu kwa sababu ya mtindo wa Mungu.

Na ujanja uko wapi? Wamepata muongozaji ambaye unaweza kumsingizia chochote. Angekuwa mwingine, uso ukipinda ungejua kifaa kimeharibika. Kwa Yuasa uso unapinda kila siku. Mwaka 2004, kwenye Mind Game, filamu yake ndefu ya kwanza kama muongozaji, unatazama mtu aliyechorwa, ghafla uso wake unakuwa picha halisi ya mwigizaji anayemtolea sauti, halafu unarudi mchoro, na hakuna anayekuomba radhi. Kwenye mfululizo wake wa Ping Pong wa 2014 skrini inakatwa vyumba vyumba kama ukurasa wa kitabu cha katuni, na mkono wa mchezaji unakuja mbele mpaka kichwa kinabaki kidogo kule nyuma. Kwenye mfululizo wa The Tatami Galaxy mwanafunzi wa Kyoto anaongea kwa kasi ambayo maandishi ya chini yanakuwa mbio za mita mia, na mandhari nyuma yake ni picha za kamera zilizopakwa rangi. Ukimwonyesha mtu asiyejua, atagonga runinga kofi.

Lakini mimi najua! Mwenye macho anatofautisha. Kila kinachopinda kwa Yuasa kinapinda kwenda mahali: mkono unarefuka kwa sababu mpira umepigwa kwa nguvu, mwili unalala karibu na ardhi kwa sababu mtu anakimbia na roho yake mkononi. Huyu ni mtu wa Fukuoka aliyesomea uchoraji wa rangi za mafuta chuoni, akaingia kwenye kazi kama mchoraji wa kawaida, akatumia ujana wake kuchora katuni za runinga, Chibi Maruko-chan na Crayon Shin-chan. Ile Shin-chan mnayoiona ya kitoto, mtoto mwenye kichwa cha kiazi anayeonyesha makalio, ndiyo ilikuwa shule. Mchoro ukiwa na mistari michache namna ile huna kivuli wala urembo wa kujificha nyuma yake. Kilichobaki ni mwendo. Mguu ukienda vibaya kila mtu anaona. Alipofika kuongoza filamu yake alikuwa na miaka karibu arobaini, na mwendo ndio aliokuja nao. Ndio saini yake. Sasa wewe unamchukulia saini, unaikatakata, halafu unamwambia mteja kwamba mwenyewe ndivyo anavyoandika?

Nimetulia kidogo. Nimekunywa maji.

Niwe mwadilifu. Kwenye orodha yao hiyohiyo nimepata Ping Pong yote, sehemu 11, na ilikuwa safi, haikukwama hata mara moja. Nimeirudia. Ile Ping Pong peke yake inastahili kifurushi cha mwaka, na sijaona wengine huku wanaoiweka. Kama mtu wao wa kuchagua filamu anasoma hapa, dada au kaka, wewe una jicho, na ugomvi wangu si na wewe. Kwa hiyo nilipokuwa naandika nilishapandisha nyota zikawa tatu. Ilikuwa haki.

Kisha juzi ukaingia ujumbe: “Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa kutuchagua.” Nikafungua filamu, nikaenda moja kwa moja kwenye ngoma. Inakwama vilevile. Ila sasa maandishi ya chini hayapo. Filamu nzima. Mimi Kijapani changu kinaishia kwenye salamu. Wametatua tatizo la kuona kwa kuongeza tatizo la kuelewa, wakanishukuru. Nyota zimerudi moja.

Nimepiga tena. Safari hii akapokea dada, naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema ataandika taarifa kwa mafundi na hajui itachukua muda gani. Hakuniahidi kitu. Kwa kweli nilimshukuru kwa hilo. Angekuwa yeye siku ya kwanza, huenda msingesoma haya. Lakini sikumpata yeye, nilimpata yule wa puani.

Mtaniuliza kwa nini sijajitoa. Kwa sababu wameandika kwamba hivi karibuni wanaleta Inu-Oh. Hii ndiyo filamu yake ya 2021, iliyopelekwa tamasha la filamu la Venice, Yuasa akiwa tayari ameachia urais wa studio yake mwaka uliotangulia. Ni Japani ya karne ya 14: kipofu mpiga biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, na mchezaji ngoma aliyezaliwa na umbo la kutisha, amefichwa nyuma ya barakoa, na kila ngoma yake mpya ikifana, mwili wake unabadilika sehemu mojawapo. Muziki ni wa roki, magitaa kabisa, na wahusika wamebuniwa na Taiyo Matsumoto, yuleyule mwenye kitabu cha Ping Pong. Nimeshaiona vipande vipande na nataka kuiona nzima, kwenye skrini ya rafiki yangu, na sauti juu.

Ila Inu-Oh ni ngoma mwanzo hadi mwisho. Kama Lu iliwashinda kwenye ngoma moja, hapo sijui watafanyaje. Nitalipa mwezi ujao, najijua. Lakini ikikwama sitapiga simu. Ofisi yao naijua ilipo, iko ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na nitakwenda na simu yangu mkononi, nimkalishe yule kijana kwenye kiti na tuitazame wote wawili.