Uzoefu wangu na Kentucky Route Zero: lori moja, sura tano, miaka saba ya kusubiri

Hii si gemu ya kukimbiza vidole. Haina bunduki, haina pointi, wala hakuna mahali unapokufa ukaanza upya. Unamwongoza Conway, dereva mzee wa duka la vitu vya kale huko Marekani, ambaye amebakiwa na mzigo mmoja wa kushusha kwenye anwani ya 5 Dogwood Drive. Anaambiwa kwamba njia ya kumfikisha huko ni barabara kuu iliyo chini ya ardhi, inayoitwa Zero. Mimi nashughulika na makaratasi ya forodha Malaba, upande wa Uganda, na madereva wasiojua mwenye mzigo yuko wapi nawaona kila wiki, kwa hiyo Conway nilimzoea upesi.

Dereva mmoja wa Mombasa aliyekuwa akisubiri hati zake alichungulia laptopu yangu, akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa huyu mzee mbona hana utingo?" Ana mbwa, nikamjibu. Ni mbwa mzee mwenye kofia ya majani, na jina lake unaamua wewe. Mwanzoni kabisa, kwenye kituo cha mafuta ambako umeme umekatika (dereva alicheka sana hapo), mzee wa kituo anakuuliza mbwa anaitwa nani. Unaweza kusema Homer, unaweza kusema Blue, au ukasema ni mbwa tu, jina lake hulijui. Gemu inalipokea jibu lako na safari inaendelea. Ndivyo ilivyo hadi mwisho: maneno unayochagua hayageuzi lori linakoelekea, ila yanakuonyesha Conway ni mtu wa namna gani. Kuna watu wanaona huko ni kudanganywa. Mimi naona ndiyo raha yenyewe.

Waliotengeneza ni studio ndogo, Cardboard Computer, watu watatu tu: Jake Elliott, Tamas Kemenczy, na Ben Babbitt wa muziki. Walianza kwa mchango wa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwaka 2011, dola 8,500 na ushei. Sura ya kwanza ilitoka Januari 2013, ya pili Mei mwaka huohuo, ya tatu Mei 2014. Ya nne ikaja Julai 2016, na ya tano Januari 2020. Ukinunua gemu ya vipindi unalipia ahadi, na ahadi hukwama. Telltale, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote katika aina hii, iliachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote mwaka 2018 msimu wa gemu yake ukiwa katikati, ikabidi kampuni nyingine, Skybound, iumalizie.

Sasa, hawa watatu waliwashikaje watu miaka yote hiyo? Kati ya sura na sura walitoa gemu fupifupi za bure. Moja inakuweka ndani ya maonyesho ya sanaa ya mhusika ambaye baadaye utakutana na kazi zake. Nyingine inakukalisha kwenye meza ya baa, na unapogeuza kichwa unagundua kwamba baa ni jukwaa na mbele yako kuna watazamaji. Ya tatu ni simu tu: unabonyeza namba kusikiliza habari za Echo, mto ulio ndani ya gemu, na wakati ule Wamarekani waliweza kuipiga kwa simu zao za kawaida. Ya nne, ya 2018, inakupeleka kwenye kituo kidogo cha televisheni huku mvua ikizidi nje. Kwa maoni yangu hakuna tangazo la gemu lililowahi kuwa zuri hivyo. Studio nyingi ndogo hukutumia video ya dakika moja na tarehe ambayo itasogezwa.

Sura ya tatu ndiyo kilele kwangu. Wanamuziki wawili, Junebug na Johnny, wanapanda jukwaani katika baa iliyo karibu tupu, paa linafunguka, na wewe unachagua mistari ya wimbo unapoimbwa. Niliacha kazi zote mezani. Sura hiyohiyo ina upande mchungu: Conway ameumia mguu, ametibiwa kwa deni, na deni hilo linaanza kumvuta kwenye kiwanda cha wiski. Yeyote anayeendesha bodaboda ya mkopo ataelewa bila kuelezwa.

Kasoro zipo. Karibu kila kitu ni maandishi, kwa Kiingereza kizito, na wahusika hawasemi kwa sauti. Sura ya nne, ya mtoni, inajivuta, nilisinzia.

Bei ya kawaida ni dola 25 hivi kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na ukilipa mara moja sura zote ni zako. Subiri punguzo. Bando lina ushuru wa asilimia 12 hapa Uganda tangu Julai 2021, kwa hiyo pakua mahali penye Wi-Fi. Baada ya hapo unaweza kucheza bila intaneti. Zile gemu fupi siku hizi zimo humohumo pamoja na sura, usiziruke. Ile ya televisheni hasa icheze kabla ya sura ya tano, la sivyo hutajua maji utakayoyakuta humo yametoka wapi.